Mtungi, Kuku na Mtoto Mwenye Homa: Kufundisha Somo la Joto la Mwili

Katika maandalio ya somo la Sayansi ambayo wanachuo huniletea niyakague kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, sentensi moja hujirudia mwaka baada ya mwaka: wanyama wa damu moto ni wale ambao joto la miili yao halibadiliki, na wanyama wa damu baridi ni wale ambao joto la miili yao hubadilika kulingana na mazingira. Chini yake huwa pana orodha. Ng'ombe, mbuzi, kuku na binadamu wako upande mmoja. Nyoka, chura, samaki na mjusi upande wa pili. Mwalimu huandika ubaoni, watoto hunakili, kengele hulia. Sina ugomvi na orodha yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto aliyeinakili hawezi kuitumia kwa jambo lolote, ilhali somo hili ni miongoni mwa masomo machache ya shule ya msingi ambayo kutoyaelewa kwaweza kumgharimu mtu uhai. Nitaeleza jinsi ninavyolifundisha na sababu zake, ili nanyi mpate cha kuchukua na cha kukataa.

Tuanze na jina. Mtoto akisikia "damu moto" hudhani kwamba damu ya mbuzi ni ya moto kama chai, na ya mjusi ni baridi kama maji ya mtungini. Mpeleke nje saa saba mchana akamtazame mjusi yule mwenye kichwa chekundu aliyejianika juu ya jiwe. Damu ya mjusi huyo wakati huo yaweza kukaribia joto la mtoto anayemtazama. Usiku jiwe likipoa, naye hupoa. Tofauti ya mbuzi na mjusi basi haimo katika damu. Imo katika mahali joto linapotoka na jinsi linavyolindwa. Mbuzi hujitengenezea joto ndani ya mwili kutokana na chakula, na ana njia za kulizuia lisipungue wala lisizidi. Mjusi huliazima kwa jua, akalitafuta au kulikwepa kwa kuhama kutoka jiwe hadi kivuli. Mimi hulitumia jina la vitabuni, maana mtihani utalitumia. Lakini kando yake ubaoni huandika "wanyama wanaotunza joto lao", na nimeona kwamba watoto hulishika jina hili la pili upesi zaidi.

Liko na jambo lingine la lugha. Kiswahili kimetupatia maneno mawili, joto na halijoto, nasi aghalabu huyatumia kana kwamba ni neno moja. Sufuria kubwa ya uji vuguvugu ina joto jingi kuliko kikombe cha uji unaochemka, ingawa halijoto ya sufuria ni ndogo. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni kile kinachoingia na kutoka. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili atakwama tutakapofika kwa ngamia.

Kipindi cha kwanza ni cha kupima, si cha kueleza. Kipimajoto kimoja cha mwili chatosha darasa zima, mradi kifutwe kwa spiriti kila mtoto anapokipokea. Tafuteni cha elektroni, ambacho hupatikana katika maduka ya dawa. Vile vya kioo vyenye zebaki vinaondolewa duniani kwa mujibu wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na ni vyema viondoke, kwa kuwa zebaki ikimwagika darasani ni sumu na watoto hupenda kuichezea. Watoto watano wa kujitolea hupimwa kwapani saa mbili asubuhi, wakapimwa tena saa saba mchana, kisha tena baada ya kuzunguka uwanja mara mbili kwa mbio. Wakati huohuo kundi jingine hupima maji ya dumu lililoachwa juani na mchanga wa mbele ya darasa. Kwa kazi hii ya pili msitumie kipimajoto cha mwili, kwani kimetengenezwa kwa nyuzi chache tu zilizo karibu na zile za binadamu. Tumieni cha maabara, au kama hakipo, kiganja cha mkono.

Sharti moja silivunji kamwe: kabla ya kupima, kila mtoto aandike katika daftari lake anachotabiri. Wengi huandika kwamba mchana mwili utapata moto kama bati la paa. Wachache huandika kwamba mbio zitaongeza nyuzi kumi. Kisha nambari zinakuja. Maji ya dumu yamepanda sana, mchanga haukanyagiki, bali kwapani mwa watoto wale watano nambari hucheza karibu na 36 na 37, asubuhi na mchana, na mbio zenyewe hazizisogezi kwa kiasi cha kushangaza. Hapo ngojeni. Msiseme neno. Kwa kawaida mtoto mmoja huuliza: "Mbona sisi hatukupanda?" Swali hilo likitoka kwao, somo limekwisha kuanza. Likitoka kwa mwalimu, bado.

Neno dogo kuhusu nambari 37, maana wanachuo wengine huitetea kama amri. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alichapisha mwaka 1868 kitabu kilichotokana na vipimo vya maelfu ya wagonjwa, na tangu hapo nyuzi 37 za Selsiasi (walimu wa zamani tulizoea kusema sentigredi) zikawa alama ya afya. Lakini mwili hupungua kidogo alfajiri na kupanda kidogo jioni, na kwapa husoma chini ya mdomo. Mtoto mwenye 36.4 asubuhi hana ugonjwa. Mwili hushikilia eneo jembamba la kupanda na kushuka, na wembamba wa eneo hilo ndio muujiza wenyewe.

Baada ya hapo leteni kuku. Kila mtoto na aingize vidole chini ya bawa lake, pale manyoya yanapopungua. Watashtuka. Kuku mzima wa afya ana nyuzi 41 hivi, pengine na zaidi. Mbuzi ana karibu 39. Halijoto ambayo kwetu ni homa kali, kwa kuku ni siku ya kawaida ya kuparua jalala. Hapo watoto huona kwamba kila aina ya mnyama ina kiwango chake kilichowekwa, na neno hili "kilichowekwa" nawaomba mlitie akilini, kwa sababu ndilo litakalotusaidia tutakapofika kwa mtoto mwenye homa.

Kabla ya kengele nawasimulia kisa cha kweli. Mjini London, mwaka 1774, daktari aitwaye Charles Blagden aliingia pamoja na wenzake katika chumba kilichopashwa moto na daktari mwingine, George Fordyce. Katika majaribio yaliyofuata chumba kilipashwa zaidi na zaidi, hata hewa yake kavu ikafika nyuzi 260 za Farenhaiti, yaani kama 127 za Selsiasi, kupita kiwango cha maji kuchemka. Blagden alikaa humo dakika kadhaa akatoka salama. Mbwa naye alitiwa humo ndani ya kikapu, ili sakafu isimuunguze nyayo, akatoka hai. Lakini mayai yaliyowekwa katika chumba kilekile yaliiva yakawa magumu, na kipande cha nyama ya ng'ombe kikaiva. Taarifa ya majaribio hayo ilichapishwa mwaka 1775. Nawauliza watoto: nyama ni nyama, mbona ya ng'ombe iliiva na ya Blagden haikuiva? Kisha nawaruhusu waende nyumbani na swali lao.

Jibu limo katika pembe ya nyumba zao. Bibi yeyote anayetunza mtungi ajua kwamba mtungi mzuri "hutoa jasho", na kwamba ule uliopakwa rangi nje haupozi maji. Kipindi cha pili huanza na chupa mbili za maji yaliyochotwa ndoo moja. Moja huvikwa kitambaa kilicholoweshwa, nyingine kitambaa kikavu, zote zikawekwa kivulini penye upepo. Baada ya nusu saa watoto hunywa kidogo kutoka kila moja, na hakuna haja ya kipimajoto. Maji yanapogeuka mvuke hayaondoki mikono mitupu, hubeba joto. Gramu 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kalori 580 hivi, kiasi cha kutosha kupandisha zaidi ya gramu 5 za maji kutoka ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Binadamu ana tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4, na afanyapo kazi nzito juani aweza kutoa zaidi ya lita 1 kwa saa. Blagden alikuwa mtungi. Kile kipande cha nyama hakikuwa na damu inayotembea wala tezi za kutoa jasho.

Nimefundisha Dodoma na nimefundisha Tanga, na sehemu hii ya somo haiwezi kufundishwa kwa namna moja katika miji hiyo miwili. Dodoma, upepo mkavu hukausha jasho kabla halijaonekana. Jioni shati ni kavu, lina michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, na mtoto atakwambia kwamba hakutoa jasho kutwa nzima. Mwonyesheni ile chumvi. Tanga, mwezi Machi, kabla masika hayajafungua, hewa imekwisha kujaa mvuke; jasho hutiririka kifuani na kudondoka sakafuni, na mtu bado anaungua. Jasho linalodondoka halijampoza mtu. Lile lililokauka juu ya ngozi ndilo lililompoza. Watoto wa pwani huelewa hapo kwa nini mama zao hupepea kwa kipepeo ingawa upepo wenyewe ni wa moto, na kwa nini nguo zilizofuliwa siku ile hazikauki. Ni sheria moja inayotawala kamba ya nguo na mgongo wa mtu.

Jasho ni la mwisho katika safu ya ulinzi. La kwanza ni damu, ambayo ndiyo mchukuzi wa joto kutoka ndani kuja nje. Mishipa midogo ya ngozi hupanuka joto likizidi na kubana baridi ikiingia. Vitabu vingi vilivyotungwa ughaibuni husema kwamba ngozi "huwa nyekundu", na nimemwona mwanachuo akililazimisha darasa liuone wekundu huo kwenye mashavu ya watoto weusi kama mpingo. Msitafute wekundu. Waambieni wagusane masikio na viganja kabla na baada ya kukimbia. Watausikia moto ambao macho hayauoni. Tembo hufanya kazi hiyohiyo kwa masikio yake mapana yenye mtandao wa mishipa, akiyapunga. Mbwa hutweta ulimi nje, kwa kuwa tezi zake za jasho ni haba. Kuku hana tezi za jasho hata moja, naye hufungua mdomo na kutikisa koo. Nguruwe hugaagaa topeni, na wanaomcheka wajue kwamba tope hukauka polepole kuliko maji, kwa hiyo humpoza kwa muda mrefu zaidi. Orodha hii watoto wataijaza wenyewe, mwalimu asiimalize.

Upande wa pili wa mizani ni kutengeneza joto. Hapa nachemsha viazi vitamu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, nikaviweka mezani. Kidogo hupoa kwanza, kwa sababu ngozi yake ni kubwa kikilinganishwa na kilichomo ndani. Kwa hiyo panya hana budi kula mara kwa mara ili moto wake usizimike, na tembo ana taabu iliyo kinyume, ya kulitoa joto lake. Kwa hiyo pia vifaranga hujificha chini ya mbawa za mama. Ni wadogo, wana manyororo tu badala ya manyoya, na katika siku za kwanza mitambo yao ya kutunza joto haijakomaa. Hivyo huishi kwa halijoto ya kuazima kama mjusi. Mfugaji anayewatenga na mama yao bila taa wala jiko huwakuta wamekufa asubuhi, hata kama chakula kimejaa.

Watoto wa darasa la tano na la sita ndio wanaobeba wadogo zao mgongoni, hivyo siwaachi kwa kuku. Mtoto mchanga hutetemeka kwa shida. Badala yake ana mafuta maalumu ya rangi ya kahawia, mabegani na shingoni, ambayo huunguzwa ili kutoa joto. Njiti aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta hayo ya kutosha. Mjini Bogotá, nchini Kolombia, kuanzia mwaka 1978 madaktari waliokuwa na uhaba wa mashine za kutunzia watoto waliwafunga njiti hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo leo hutumika hospitalini hata hapa kwetu. Kuku alikuwa akiifanya tangu zamani.

Sasa ngamia. Mwalimu mwenye haraka aweza kumruka, lakini mimi humpenda kwa sababu huvunja kanuni iliyonakiliwa ubaoni. Katika miaka ya 1953 na 1954 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alikaa na wenzake Béni Abbès, katika Sahara ya Aljeria, wakawapima ngamia. Ngamia aliyepata maji kila siku alikuwa na halijoto iliyotulia. Yule aliyenyimwa maji alianza asubuhi na nyuzi 34 hivi, akaachia mwili upande hadi kupita 40 jioni, bila kutoa jasho jingi. Usiku jangwa lilipopoa alilirudisha joto lote kwa hewa bure. Kwa kulihifadhi joto mwilini badala ya kulifukuza kwa jasho aliokoa maji yapatayo lita 5 kwa siku. Hapa ndipo anapofaidika yule aliyetenganisha joto na halijoto: mwili wa ngamia ni mkubwa, hivyo joto jingi huingia kabla halijoto haijapanda mno. Na jambo jingine: walipomnyoa mmoja manyoya, alipoteza maji kwa nusu zaidi. Manyoya yale, ambayo mtoto hudhani ni ya kuleta joto, yalikuwa yakilizuia jua nje. Ulizeni darasani kwa nini wachungaji wa nyikani hujifunika nguo nzito mchana, mtapata mjadala wa kipindi kizima.

Karibu na kwetu, C. Richard Taylor alifanya majaribio nchini Kenya katika miaka ya 1960, akaona kwamba choroa aliyekosa maji huweza kuachia mwili wake kufika nyuzi 45. Swali la watoto huwa moja: mbona ubongo hauivi? Choroa, swala na mbuzi wana mtandao wa mishipa midogo chini ya ubongo, ambamo damu ya moto itokayo moyoni hupita kando ya damu iliyopozwa puani. Zamani ilidhaniwa kwamba kazi ya mtandao huo ni kuukinga ubongo tu. Vipimo vya baadaye kwa wanyama walioachwa huru porini vimewafanya wataalamu wengi waone kwamba kazi yake kubwa ni kubana matumizi ya maji: ubongo ukipozwa, amri ya kutoa jasho hucheleweshwa. Naona ni vizuri watoto wajue kwamba jambo laweza kujulikana nusu, kisha likaongezwa.

Hiyo amri hutoka wapi? Katika ubongo iko sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hupokea habari za joto kutoka kwenye ngozi na kwenye damu yenyewe, huzilinganisha na kiwango kilichowekwa, kisha huagiza: toa jasho, tetemeka, bana mishipa, tafuta kivuli. Ningeweza kuishia hapo, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini sehemu iliyo na uzito zaidi ndiyo inayofuata.

Nilipokuwa mwalimu wa Darasa la Tano katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Singida, msichana mmoja alikaa nyuma ya darasa saa sita mchana, bati likiunguza, naye amefunga sweta hadi shingoni akitetemeka. Jirani yake alimshika mkono, akasimama, akasema: "Mwalimu, huyu ni wa moto kabisa, lakini anasema anasikia baridi. Anatudanganya?" Nilimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, akapimwa damu, akakutwa na malaria, akatibiwa, baada ya wiki alirudi. Swali la jirani yake lilibaki na darasa zima, na lilistahili jibu.

Niliwatoa uwanjani nikachora mstari katika vumbi, nikawapanga wote vidole vya miguu vikiugusa. Kisha nikaufuta, nikachora mwingine hatua mbili mbele. "Nani amerudi nyuma?" Hakuna. "Nani yuko nyuma ya mstari?" Sote. Ndivyo homa ilivyo. Vimelea vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu, walinzi wa mwili hutoa ishara inayofika kwenye haipothalamasi, nayo husogeza mstari, tuseme kutoka 37 hadi 39. Mtoto mwenye 37 sasa amepungukiwa nyuzi 2. Mwili wake haudanganyi. Anasikia baridi kweli, anabana mishipa, anatetemeka, anaomba sweta, mpaka afike kwenye mstari mpya. Mstari ukirejeshwa nyuma, huwa amezidi kwa nyuzi 2, basi jasho humtoka hata shuka likalowa.

Hata mjusi ana mstari huo. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake, huko Michigan nchini Marekani, walitangaza kwamba mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria, wakiachiwa kuchagua, huenda mahali penye joto zaidi, na kwamba wale walioruhusiwa kupanda joto walipona kwa wingi kuliko waliowekwa penye ubaridi. Homa basi ni silaha ya kale ya mwili, ingawa ni silaha inayoweza kumjeruhi mwenyewe.

Watoto wakishauona mstari vumbini, mambo ya nyumbani hupata maelezo. Katika nyumba nyingi mgonjwa hufunikwa mablanketi mawili matatu "atoe jasho, homa itoke". Waliobuni desturi hiyo hawakuwa wapumbavu. Waliona kweli kwamba jasho likitoka mgonjwa hupata nafuu. Ila jasho ni dalili kwamba mstari umesharudi, halikuurudisha. Mgonjwa aliyefungiwa ndani ya mablanketi hukosa njia ya kutoa joto, na mtoto mdogo aweza kudhurika. Kitenge chepesi chatosha anapotetemeka, na maji ya kunywa mara kwa mara. Kumkanda kwa maji ya baridi mstari ukiwa bado juu humtetemesha zaidi. Parasetamoli huushusha mstari, lakini haiui kimelea hata kimoja; mzazi aliyeona mtoto amepoa baada ya kidonge akaahirisha safari ya zahanati ameshusha kipimo, ugonjwa ameuacha palepale. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, isipite saa 24. Haya nayasema darasani kwa maneno hayahaya, kwa sababu nimeona mtoto wa miaka kumi na moja akimwondolea mdogo wake mablanketi na kumwambia bibi yake, kwa adabu zote, habari za mstari.

Lazima pia mtenganishe homa na kuzidiwa na joto, maana matibabu yake hupingana. Mtoto aliyekimbizwa uwanjani saa saba mchana, au aliyelimishwa shamba la shule juani bila maji, mstari wake uko palepale kwenye 37. Ni mwili ulioshindwa kutoa joto na kuupita. Akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzimia, hapo hakuna cha kungoja: kivulini, vua nguo za juu, mwagia maji mengi, pepea, na mtu mwingine akimbilie msaada. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe. Kwa sababu hiyo michezo na kazi za shamba katika ratiba yangu huwa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na nimegombana na zaidi ya mwalimu mmoja wa zamu juu ya hilo.

Kipimajoto chetu baada ya somo hakirudi kabatini. Hukaa katika sanduku la huduma ya kwanza pamoja na daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mtoto, nyuzi zilizosomwa, na saa aliyoondoka kwenda zahanati. Wanafunzi wawili wa darasa la sita hulijaza kwa zamu, mwalimu akisoma nambari pamoja nao.